Tumbo la Mwezi Nalo Liandikwe: Waraka wa Wazi kwa NIMR

Kwa: Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR)

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Lindi
Mganga Mkuu wa Wilaya, Kilwa

YAH: OMBI LA UTAFITI WA ENDOMETRIOSISI NA MISULI LAINI YA MFUKO WA UZAZI KATIKA PWANI YA LINDI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja wilayani Kilwa, na ni matroni, yaani ndiye ninayegongewa mlango usiku msichana anapougua bwenini. Si daktari. Wala sikuandikii kuomba zahanati, mashine au gari la wagonjwa. Barua nyingi zinazotoka Kusini kwenda serikalini huomba kitu chenye paa au chenye magurudumu, na nyingi zina haki ya kuomba. Mimi naomba utafiti. Taasisi yako iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979 ili nchi iwe na jicho lake yenyewe juu ya magonjwa ya watu wake. Kuna ugonjwa mmoja ninaotaka jicho hilo liugeukie, tena liutazame ukiwa hukuhuku pwani ya Lindi.

Endometriosisi ni hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo, kwenye kibofu cha mkojo, mara chache hata kifuani. Homoni za mwezi zikipanda na kushuka, tishu hiyo nayo huitikia. Huvuja damu, huvimba, huacha makovu, na viungo vilivyotakiwa kutelezeana hugandamana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani kote.

Watanzania wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyejitokeza hadharani akaeleza jinsi alivyopasuliwa zaidi ya mara kumi. Wakenya walilisikia kwa mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa ulimfika mapafuni. Alikwenda kutibiwa Atlanta, akarudi nyumbani, akaendelea kuwasemea wenzake hadi alipofariki tarehe 3 Juni 2024. Wote wawili wametutendea wema mkubwa. Tatizo ni kwamba ugonjwa unaofahamika kwa nyuso za watu mashuhuri huonekana kuwa wa wenye nauli ya ndege. Msichana wa Njinjo, Pande au Songosongo, hapa Kilwa, mwenye maumivu hayohayo ana chango tu. Atachemshiwa mizizi, atakandwa kwa maji ya moto, ataambiwa wote tumepitia.

Naomba uniruhusu niingie kwenye misuli, maana huko ndiko utafiti wa dunia ulikofika pazuri, na huko ndiko ninakoiona nafasi yetu.

Mfuko wa uzazi ni misuli. Ukiondoa utando wa ndani unaomwagika kila mwezi na ngozi nyembamba iliyoufunika kwa nje, kinachobaki karibu chote ni misuli laini, ile isiyongoja amri ya mtu, ndugu ya misuli ya utumbo, ya kibofu na ya kuta za mishipa ya damu. Wanafunzi wangu hujibu kwenye mtihani kwamba misuli hiyo kazi yake ni kusukuma mtoto. Nawapa alama, lakini jibu halijakamilika. Tabaka lake la ndani, lile linalogusana na utando, haliketi kitako hata mwanamke asipokuwa mjamzito. Hupitisha mawimbi madogo mwezi mzima, na mwenyewe hayasikii. Katikati ya mwezi mawimbi huelekea juu, kutoka shingo ya kizazi kwenda kwenye mirija. Siku za hedhi hugeuka, yakashuka, damu ikatoka. Kwa mtoto wa pwani naeleza hivi: mfuko wa uzazi nao una kupwa na kujaa kwake.

Katika miaka ya 1990 daktari Gerhard Leyendecker na wenzake mjini Darmstadt, Ujerumani, waliyafuatilia mawimbi hayo kwa altrasaundi. Waliweka kwenye mlango wa kizazi chembechembe zenye alama ya mionzi, ndogo kama mbegu za kiume, wakaziona zikipandishwa kwa dakika chache tu, na mara nyingi zikielekezwa upande wa ovari yenye yai lililokuwa linapevuka. Chembe hizo hazina mkia wa kuogelea. Msuli ndio uliozibeba. Mwaka 1996 kundi hilo likaandika kwamba kwa wanawake wenye endometriosisi mawimbi yanakuja kwa kasi kuliko kawaida, na katikati ya mwezi, pale yanapotakiwa kuwa na mpangilio, yanavurugika. Mwaka 2002 Carlo Bulletti na wenzake nao wakaeleza kwamba wakati wa hedhi misuli ya wanawake hao inajikaza mara nyingi zaidi, kwa nguvu zaidi, na mara nyingi kuelekea kusikotakiwa, yaani juu, kwenye mirija.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu tangu 1927, John Sampson wa Marekani alipotoa hoja kwamba ugonjwa huanzia kwenye damu ya hedhi inayorudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni, kulikuwa na swali lisilojibika vizuri. Mwaka 1984 watafiti walikuta damu hiyo tumboni kwa wanawake 9 kati ya 10 ambao mirija yao ilikuwa wazi. Kama inarudi kwa karibu kila mwanamke, mbona hawaugui wote? Msuli ni mmoja wa washukiwa. Leyendecker alikwenda mbali zaidi. Alisema mkazo huo wa mwezi baada ya mwezi unachana mpaka kati ya utando na misuli, kidonda kinapona kwa kutengeneza estrojeni palepale, estrojeni inazidisha mkazo, mkazo unachana tena. Wapo wasiokubaliana naye, na mimi sioni kama msuli peke yake unaweza kueleza ugonjwa uliofika kwenye mapafu. Lakini kama mwalimu naipenda hoja inayoweza kupimwa, na hii inapimika.

Kisha kuna nusu ya pili ya habari ya msuli, ambayo huzungumzwa kidogo. Tishu iliyoota nje ya kizazi haibaki utando tu. Sun-Wei Guo wa Shanghai na wengine wameonyesha kwamba kwa kuvuja damu na kupona, kuvuja na kupona, seli za kawaida za tishu-unganishi hugeuka kuwa seli zenye uwezo wa kujikaza, na hatimaye sehemu ya kidonda hicho huwa na misuli laini yake yenyewe, imezungukwa na kovu gumu. Maana yake ni kwamba mwanamke anaweza kuwa na kitu nyuma ya kizazi chake au juu ya utumbo wake kinachojikaza kwa hesabu zake. Anaposema anaumia akienda haja kubwa siku za hedhi, hasemi hadithi. Na kovu hilo likishakomaa, dawa za homoni hupungukiwa na nguvu juu yake. Ndiyo maana umri wa kuanza kutibiwa una uzito, na ndiyo maana mwalimu wa sekondari anathubutu kukuandikia.

Sasa tuje kwenye suala la nani aliyechunguzwa.

Mwaka 1941 Joe Vincent Meigs wa Boston aliuhusisha ugonjwa huu na wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuolewa na kuzaa. Wazo hilo likatembea, likazaa jingine, kwamba mwanamke mweusi hana endometriosisi. Akija na maumivu ya nyonga, ana PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, na kama ana PID basi kila mtu anajua ameipataje. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alichapisha kazi iliyotokana na upasuaji wa matundu kwa wanawake weusi, akaonyesha kwamba baadhi ya walioandikiwa PID walikuwa na endometriosisi. Ni karibu miaka 50 iliyopita. Mwaka 2023 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti mkubwa wa vinasaba vya ugonjwa huu: wagonjwa 60,674, wakilinganishwa na watu zaidi ya laki saba wasiokuwa nao, na maeneo 42 kwenye jenomu yakahusishwa nao. Kazi nzuri sana. Wagonjwa hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki.

Na hapa kuna jambo linalonikera kidogo. Uvimbe wa kizazi, ule ambao altrasaundi ya wilayani inauona vizuri na kila mama wa hapa anaujua, nao ni ugonjwa wa misuli laini. Mwaka 2003 Donna Baird na wenzake huko Marekani walikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa wameupata, na karibu asilimia 70 ya wazungu. Kwa hiyo msuli wa kizazi cha mwanamke mweusi una mambo yake, na hilo limekubaliwa. Iweje basi msuli huohuo, ukija kuulizwa habari ya endometriosisi, uulizwe Darmstadt na Shanghai tu?

Wazo la Meigs tunalo hata huku: ushauri wa "olewa uzae, chango litaisha", ambao huwa tunawabebesha makungwi peke yao. Ni kweli wanautoa. Lakini madaktari wa Boston waliutoa pia, wakiwa na stethoskopu shingoni. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022, inayotolewa na jumuiya ya wataalamu wa uzazi iitwayo ESHRE, inasema wazi kwamba mwanamke asishauriwe kubeba mimba kwa ajili tu ya kutibu endometriosisi. Ningependa sentensi hiyo ifike kwenye kila uwanja wa unyago kuanzia Somanga hadi Mchinga, ifikishwe kwa heshima. Mabinti huku hukabidhiwa mambo ya mwili na somo na kungwi kabla sijawapata mimi darasani, na kungwi mwenye taarifa sahihi anafika mahali ambapo bango la Wizara halifiki.

Kwa nini Kilwa na Lindi? Kwa sababu pwani hii ina mambo yanayoufanya ugonjwa huu uwe mgumu kuuona, na utafiti ukifanywa mahali pagumu jibu lake hufaa pengi.

La kwanza ni kichocho. Kichocho cha mkojo ni cha kwetu tangu zamani. Palikuwa na wakati mtoto wa kiume akikojoa damu ilichukuliwa kuwa amekua. Watoto wanapewa dawa shuleni, tunawapanga foleni na kuwapima urefu kwa fimbo, na hilo ni jambo jema. Lakini mayai ya kichocho hayaishii kibofuni. Kwa mwanamke hukaa pia kwenye shingo ya kizazi, ukeni na kwenye mirija, yakaleta maumivu ya nyonga, damu isiyo na mpango, maumivu ya tendo la ndoa, ugumba. Orodha hiyo ukimsomea daktari wa Ulaya bila kumwambia umetoka wapi, atasema endometriosisi. Ukimsomea mhudumu aliyezoea magonjwa ya zinaa, atasema PID. Mwanamke wa Kilwa anaweza kuwa na kimoja, viwili au vyote, na hakuna atakayejua bila kutafuta kwa makusudi. Aidha, mayai ya kichocho huacha kovu kwenye tishu. Je, kovu hilo linabadilisha mawimbi ya msuli? Swali hilo haliwezi kuulizwa Ujerumani, kwa kuwa wao hawana kichocho. Ni swali letu, na jibu lake litakuwa letu.

La pili ni dawa za kuua bakteria. Nilimsindikiza mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenye kituo kimoja cha afya, nisichokitaja. Alikuwa anazimia siku ya kwanza ya hedhi. Mara ya kwanza alipimwa mkojo, akaambiwa UTI, akapewa dawa. Mwezi uliofuata ikawa taifodi, dawa nyingine. Kisha ikawa PID, na hapo mhudumu akanitazama mimi badala ya kumtazama mtoto, akauliza kama ana bwana. Mtoto alilia, na nadhani hakulilia tumbo. Altrasaundi ikatoka safi. Nisemapo hivi simshitaki mhudumu yule. UTI ipo, taifodi ipo, PID ipo, na mtu huandika ugonjwa anaoujua. Ninachouliza ni hiki: takwimu zote hizo zinapopanda kwenye mfumo wa taarifa za afya na kufika ngazi ya taifa, zinasoma nini? Zinasoma kwamba mwanafunzi yule aliugua magonjwa matatu tofauti na kupona yote matatu.

Nalitaja hili pia kwa sababu mwaka 2023 watafiti wa Nagoya, Japani, walitoa habari ya kusisimua. Kati ya wanawake waliowachunguza, asilimia 64 ya wenye endometriosisi walikuwa na bakteria aina ya Fusobacterium kwenye utando wa kizazi, na kwa wasio na ugonjwa walikuwa chini ya asilimia 10. Bakteria huyo alionekana kuzigeuza seli za kawaida kuwa zile zenye tabia ya msuli nilizozieleza juu, na panya waliopewa dawa za kuua bakteria vidonda vyao vilipungua. Ukisoma haraka utasema basi, waacheni waendelee na metronidazoli. Hapana. Panya si mwanafunzi wangu, na mkoa ambao kila maumivu ya nyonga yanapewa dawa za bakteria kwa kubahatisha unaharibu dawa hizo na unaharibu pia uwezekano wa kuijaribu hoja ya Nagoya kwa haki. Wanawake waliokwisha kumeza dawa hizo mara nyingi hivyo wanahitaji kuingizwa kwenye hesabu kwa uangalifu. Tena ni fursa: ni wapi pengine mtafiti atawapata wengi namna hiyo?

La tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ni sindano. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2015–16 uliiweka Lindi juu ya mikoa yote: asilimia 51 ya wanawake walioolewa walikuwa wanatumia njia za kisasa za uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu na kijiti ni vitu vya kawaida hapa, hata kwenye zahanati ndogo. Na dawa iliyomo kwenye sindano, medroksiprojesteroni, ndiyo hiyohiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, kwa kipimo kidogo cha kuchomwa chini ya ngozi, kutibu maumivu ya endometriosisi. Huunyima utando chakula na kuutuliza msuli. Wanawake wangapi wa Lindi wanatibiwa ugonjwa ambao hakuna aliyewaambia wanao? Mama anachoma sindano miaka minne, anasema sindano imemkubali, hata tumbo la mwezi limekwisha. Anaacha ili apate mtoto. Tumbo linarudi, mimba haiji, na mtaa mzima unasema sindano imemharibu kizazi. Pengine sindano ndiyo iliyokuwa inamlinda. Ni kweli rutuba huchelewa kurudi baada ya sindano hiyo, na mama lazima aambiwe mapema. Lakini kuchelewa ni kitu kimoja na ugonjwa uliojificha chini ya dawa ni kingine. Utafiti utakaowauliza wanawake wa hapa juu ya maumivu bila kuwauliza habari ya sindano utatoa jibu la uongo.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni msichana asiyeolewa. Dawa ipo kilomita mbili kutoka bwenini, bure, lakini inaitwa uzazi wa mpango. Mama gani wa Kivinje atakubali binti yake wa miaka 16 aonekane kwenye benchi lile? Nimewahi kulizungumza na wazazi na nilinyamazishwa haraka. Kwa msichana mdogo dawa hiyo ina mambo yake ya kuangaliwa, pamoja na uimara wa mifupa, kwa hiyo simuombei kila mwenye maumivu achomwe. Naomba apewe nafasi ya kuonwa kama mgonjwa, kwa mlango wa wagonjwa.

Kuhusu jinsi ya kuufanya utafiti wenyewe, wataalamu ni ninyi. Nina maneno machache tu ya mtu wa hapa.

Altrasaundi inayoona mawimbi ya msuli vizuri hupitishwa ukeni. Kwa msichana bikira hilo halifanyiki, na mtafiti akilisahau kwenye andiko lake atafukuzwa kijijini siku ya kwanza, hata kama Kamati ya Taifa ya Maadili imempa kibali. Kuna njia ya juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, na kuna kipimo cha MRI kwa watakaoweza kusafirishwa. Njia ya tumbo inaona uvimbe wa damu kwenye ovari, haioni vidonda vidogo, na kila anayepimwa aambiwe hivyo, maana "altrasaundi safi" imeshawanyamazisha wengi. Kwa wanawake walioolewa na watakaoridhia, njia ya ukeni iwepo, na awepo mtaalamu wa kike. Video fupi ya mawimbi inaweza kurekodiwa kwenye Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga au kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine na kusomwa na mtaalamu aliye Muhimbili. Hiyo ni afadhali kuliko kumsafirisha mgonjwa. Mei 2024 maji yalipokata barabara Somanga tulikaa bila njia ya kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo mpango wowote unaotegemea basi la alfajiri uwe na mpango wa pili.

Wasaidizi wa kuingia majumbani wanapatikana. Taasisi ya Afya Ifakara ilishafanya tafiti kubwa Lindi na Mtwara, za malaria kwa watoto wachanga na za uhai wa mtoto mchanga, na katika ule wa mtoto mchanga wanawake wa kujitolea walifundishwa kutembelea kaya na kuzungumza na wajawazito. Wanawake wa namna hiyo wangeweza pia kuuliza: je, maumivu ya mwezi yalikufanya ulale kitandani, ukose shule, ukose shamba, ukose kwenda kukusanya pweza bamvua lilipotoka? Maswali manne tu, yaulizwe vizuri. Kambi za upasuaji wa mabusha zilipokuja mkoani kwetu, wanaume waliokuwa wamejificha miaka walitoka, kwa sababu palikuwa na mtu anayeuliza na palikuwa na tiba upande wa pili wa swali.

Na tiba isisubiri utafiti. Miongozo ile ya ESHRE ya 2022 haimtaki tena mgonjwa apasuliwe kwanza ndipo aanze kutibiwa, na kwa mkoa kama wetu hiyo ni habari njema kuliko mashine yoyote. Maumivu ya hedhi kwa sehemu kubwa huletwa na prostaglandini, kemikali zinazotolewa na utando unapobomoka, ambazo huukaza msuli na kubana mishipa yake ya damu. Ibuprofeni na jamaa zake huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, ndiyo maana humezwa maumivu yanapoanza, pamoja na chakula, na si baada ya msichana kulala sakafuni. Wanafunzi wengi ninaowajua humeza panado moja saa sita baadaye, kisha husema dawa haziwasaidii. Muuzaji wa duka la dawa muhimu akifundishwa hilo peke yake, na akafundishwa kumuuliza binti kama ana vidonda vya tumbo, tutakuwa tumepiga hatua bila andiko lolote la mradi. Anayeshindwa kupata nafuu kwa miezi mitatu apelekwe mbele. Hapo ndipo Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye nimempa nakala, anapohusika: naomba kuwe na njia iliyoandikwa ya kumpeleka, kuanzia zahanati hadi Sokoine, na ikibidi hadi Hospitali ya Kanda Mtwara.

Mimi ninacho kitu kimoja cha kuchangia. Kila shule ina daftari la mahudhurio. Ukilifungua na kufuata mstari wa msichana mmoja kuanzia Januari, utaona siku zake zinazokosekana, mbili mbili, tatu tatu, zimepangana kwa umbali wa wiki nne. Hakuna kifaa kilichonunuliwa, hakuna damu iliyochukuliwa. Shule za Kilwa, Mtama na Lindi Manispaa zina madaftari hayo ya miaka na miaka kabatini. Majina yafichwe, wazazi na wasichana waridhie, mkuu wa shule aandikiwe rasmi, na mtafiti atakuwa na pa kuanzia kabla hajawasha altrasaundi.

Sharti langu ni moja. Watu wa pwani hii wameshatoa mkojo, damu na majibu ya dodoso kwa wageni wengi, na kwa kawaida gari likiondoka ndiyo basi. Matokeo ya utafiti huu yarudi, kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na yabandikwe zahanati, hata kama yatasema kwamba nilikuwa nakosea na ni kichocho kitupu. Kichocho nacho kina dawa.

Mtafiti akija asije Aprili, mvua zitamkwamisha njiani, na asije Novemba, kidato cha nne wanakuwa kwenye mtihani wa taifa. Julai ni nzuri. Nitamwandalia chumba cha wageni cha shule, na nitamwomba aingie darasani kwangu kipindi kimoja awaeleze kidato cha tatu kuhusu misuli laini, maana mchoro wangu ubaoni haujawahi kusogea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia na mlezi wa wasichana,
Kilwa